Shajara ya mradi: kinywaji cha nanasi na pasheni kisichogeuka chapwa barafu ikiyeyuka

Siku ya 1

Joto limekaza. Nyumbani tunakunywa juisi kila alasiri, na kila alasiri yanatokea yale yale: glasi ya kwanza inasifiwa, ya pili inanyweka, na jagi likifika nusu hakuna anayeligusa tena. Barafu imeyeyuka, rangi imefifia, kilichobaki ni maji yenye harufu ya tunda. Nimeamua kulifanyia kazi jambo hili mpaka nilielewe. Lengo nimeliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: kinywaji cha nanasi na pasheni ambacho glasi yake ya mwisho, dakika 40 baada ya jagi kuwekwa mezani, bado inakata kiu na bado ina ladha ya matunda yake.

Nimechagua nanasi na pasheni kwa sababu yanasaidiana. Nanasi ni tamu na zito, lakini likiwa peke yake linakinaisha upesi. Pasheni ina harufu kali na uchachu unaoamsha mate, ila peke yake inakwaruza koo. Nyongeza nitakazoruhusu ni ndimu, tangawizi, sukari na chumvi. Hakuna rangi wala unga wa ladha.

Leo nimetengeneza kama nilivyozoea, ili nijue naanzia wapi. Nusu nanasi, pasheni 8, vijiko 6 vya sukari na maji, vyote kwenye blenda kwa dakika nzima, kisha chujio, kisha barafu tele. Nikawa naonja kila baada ya dakika 10. Mwanzoni ilikuwa tamu mno. Dakika ya 20 ilikuwa nzuri kweli. Dakika ya 40 ilikuwa chapwa. Zaidi ya hapo kulikuwa na chembe nyeusi zilizopenya kwenye chujio, uchungu wa mbali nyuma ya ulimi, na sukari isiyoyeyuka iliyotuama chini ya jagi.

Hiyo dakika ya 20 ndiyo iliyonifikirisha. Kumbe kinywaji kilikuwepo, ila kilipita njia kuelekea kwingine. Mimi nimekuwa nikionja na kurekebisha juisi kabla ya barafu, wakati wanywaji wanaikuta baada ya barafu. Nadhani kosa zima limeanzia hapo.

Siku ya 2

Leo sikugusa tunda. Nilishughulika na barafu tu.

Nilichukua lita moja ya maji yenye nyuzijoto 28 na kutaka kujua ni barafu kiasi gani itayeyuka mpaka maji yafike nyuzijoto 6. Hesabu yenyewe si ngumu. Kupoza gramu moja ya maji kwa nyuzijoto moja kunahitaji kuondoa jouli 4.2 hivi za joto. Kwa lita moja na nyuzijoto 22, hizo ni jouli 92,000 na ushei. Gramu moja ya barafu ikiyeyuka inafyonza jouli 334. Ukiongeza kidogo inachofyonza kwa kupanda kutoka ubaridi wa friza hadi sifuri, na kutoka sifuri hadi 6, unapata karibu jouli 400 kwa gramu. Kwa hiyo zinahitajika gramu 230 hivi za barafu.

Kisha nikapima kwa mizani. Nilimimina, nikakoroga, nikangoja kipimajoto kisome 6, nikachuja barafu iliyobaki na kuipima. Iliyoyeyuka ilikuwa gramu 245. Hesabu na mizani vilikaribiana kuliko nilivyotarajia.

Maana yake kwa jagi letu ni hii: juisi inayowekewa barafu ikiwa na joto la chumbani huzimuliwa kwa karibu robo ya ujazo wake katika dakika chache za mwanzo, kabla hata mtu hajaketi. Na haiishii hapo. Niliacha jagi hilo hilo kwenye kivuli nje, penye nyuzijoto 32, nikiongeza barafu kila ilipokaribia kwisha. Dakika ya 40 jumla ya barafu iliyoyeyuka ilikuwa gramu 350. Zaidi ya theluthi moja! Hakuna juisi itakayovumilia hilo.

Jaribio la pili: lita moja iliyolala kwenye friji usiku kucha, nyuzijoto 5. Jagi lile lile, kivuli kile kile, dakika 40. Barafu iliyoyeyuka: gramu 130. Tofauti ya gramu 220 imepatikana bila kubadilisha chochote kwenye mapishi. Friji ndiyo ipoze, barafu ibaki na kazi ya kulinda ubaridi tu.

Jambo jingine dogo nililoliona: jagi lilipotoka jasho kwa nje, barafu iliyeyuka haraka zaidi. Jasho lile ni mvuke wa hewa unaogeuka maji kwenye ukuta baridi wa jagi, na mvuke ukigeuka maji huacha joto lake pale pale. Nililizungushia jagi taulo kavu nene na hali ikawa afadhali. Sikuipima sawasawa, lakini taulo linabaki kwenye mradi.

Siku ya 4

Pasheni. Nilitaka kuondoa zile chembe nyeusi na ule uchungu wa mbali, ambao nilishuku unatoka kwenye mbegu zilizosagwa.

Nilipima njia tatu kwa pasheni 14 kila moja. Ya kwanza, blenda kwa dakika nzima: maji mengi, lakini ya kijivu, yenye mchangamchanga, na uchungu upo. Ya pili, blenda kwa kuigusa tu, bonyeza uachie, bonyeza uachie, mara 5: bora zaidi, ingawa mbegu chache zilivunjika. Ya tatu, bila blenda. Nilikwangua nyama na mbegu kwenye bakuli, nikanyunyizia kijiko kimoja cha sukari, nikaacha dakika 20, kisha nikasugua juu ya chujio kwa mgongo wa mwiko.

Ya tatu imeshinda kwa mbali. Kila mbegu ya pasheni imefungwa ndani ya kifuko chembamba chenye juisi, na vifuko hivyo ndivyo vinavyokufanya usugue mpaka mkono uume. Sukari huvuta maji kutoka ndani ya vifuko, navyo vinalegea vyenyewe. Baada ya dakika 20 bakuli lilikuwa limejaa majimaji ya rangi ya dhahabu kabla sijaanza kusugua. Nilipata mililita 180, bila chembe hata moja nyeusi, bila uchungu. Mbegu zilibaki kwenye chujio zikiwa nzima na kavu.

Kwa anayenunua pasheni: zile zilizojikunja ganda ndizo zilizoiva vizuri. Zenye ganda laini linalong'aa nilizikuta chachu zaidi, zikahitaji siku 3 juu ya meza.

Siku ya 5

Sukari. Maji baridi yana uwezo wa kuyeyusha sukari nyingi sana, shida ni mwendo. Kwenye juisi iliyotoka kwenye friji, chembe za sukari huzama na kujilalia chini, mtu anaonja juu anaona haijakolea, anaongeza kijiko kingine. Glasi ya mwisho ndiyo inayolipia.

Dawa yake ni shira. Gramu 200 za sukari, mililita 200 za maji, moto mdogo, koroga mpaka maji yawe maangavu, epua. Haina haja ya kuchemka kwa muda mrefu. Inatoka kama mililita 320, na inachanganyika na juisi baridi papo hapo. Nimeiweka kwenye chupa ya kioo ndani ya friji.

Jioni nilimwita mama aonje. Nilimpa vikombe viwili bila kumwambia kitu.

"Hiki kina sukari nyingi," akasema juu ya cha kwanza. Cha pili akakisogeza. "Hiki ndicho."

Vilitoka kwenye jagi moja. Cha kwanza kilikuwa na joto la chumbani, cha pili nyuzijoto 5. Ulimi husikia utamu vizuri zaidi kwenye vuguvugu, na ubaridi huufifisha. Ndiyo maana soda iliyopoteza ubaridi hainyweki. Kwa hiyo kuanzia leo sionji kitu chochote cha mradi huu kikiwa na joto. Sampuli inaingia kwenye friji kwanza, au inawekwa kwenye kikombe cha chuma juu ya barafu kwa dakika 5, ndipo niseme imekolea au haijakolea.

Siku ya 7

Siku ndefu, na sehemu yake kubwa imekwenda kwenye makosa.

Nilianza na tangawizi. Nilitaka ile pumzi ya moto inayopanda kooni baada ya kumeza, kwa sababu kinywaji kilichozimuliwa kidogo bado kinaonekana kina uhai kikiwa na tangawizi. Nilichemsha vipande ndani ya shira kwa dakika 25. Harufu ikajaa nyumba nzima, lakini kwenye glasi ukali ulikuwa umepooza, ukawa wa kitamutamu kama wa keki. Gingeroli, inayoipa tangawizi mbichi ukali wake, hubadilika ikipikwa na kuwa zingeroni, ambayo ni tulivu zaidi. Kwa uji au chai hilo ni zuri. Kwa kinywaji baridi nilitaka ukali ubaki.

Nikajaribu kinyume. Nilitwanga gramu 40 za tangawizi mbichi kwenye kinu, nikaitumbukiza kwenye shira iliyokwisha kuepuliwa, nikafunika, nikaacha dakika 15, nikachuja. Hapo ndipo penyewe: ukali wa tangawizi mbichi na ile harufu yake inayokaribiana na ya ndimu. Nilijaribu pia kuiacha dakika 45, ikawa na uchungu wa mizizi. Dakika 15 zinatosha.

Kisha ndimu. Kosa la kwanza: nilitia maji ya ndimu kwenye shira ya moto nikidhani nitaokoa hatua. Yakapikika. Ladha ikawa butu, kama ya pipi za limau. Maji ya ndimu yanaingia mwisho, kila kitu kikiwa kimepoa.

Kosa la pili lilinichukua muda kuligundua. Mikamuo miwili ya ndimu za mfuko mmoja, mmoja msafi, mwingine mchungu. Nilirudia mara nne. Tofauti ilikuwa mkono wangu. Ndimu za mwanzo nilizikamua kwa upole. Zilizofuata, kwa kuwa nilikuwa na haraka, nilizipinda na kuzibana mpaka ganda likakunjamana na ule utando mweupe ukakamuliwa pamoja na juisi. Uchungu unakaa kwenye utando na kwenye mbegu. Na mbegu zikilala ndani ya juisi usiku kucha, uchungu unaongezeka hadi asubuhi. Kwa hiyo: kamua kwa mkono mwepesi, chuja mara moja, kubali kupoteza matone machache.

Ganda la ndimu lenyewe lakini ni hazina. Nilimenya lile tabaka la kijani tupu, nyembamba, bila weupe, nikalisugua na vijiko 3 vya sukari na kuliacha saa moja. Sukari ikalowa na kugeuka kijani hafifu, ikanukia kuliko maji yote ya ndimu niliyokamua leo. Harufu ya ndimu iko kwenye mafuta ya ganda zaidi kuliko kwenye juisi. Sukari hiyo nikaitumia kwenye kupika shira inayofuata, na ndipo kwa mara ya kwanza kinywaji kikawa na harufu inayokufikia kabla glasi haijagusa mdomo. Sehemu hii sitaiacha tena.

Siku ya 8

Nanasi la leo lilikuwa baya. Kwa nje la njano, kwa ndani halina kitu. Nanasi haliendelei kuongeza utamu likishakatwa shambani, hata rangi ikigeuka, hivyo kuliweka juu ya meza wiki nzima hakusaidii. Ninachokiamini sasa ni pua: linuse kitakoni. Kama halinukii hapo, halitanukia kwenye jagi. Na kwa kuwa kitako chake ni kitamu kuliko upande wa taji, nimeanza kuchanganya vipande vya juu na vya chini kabla ya kusaga, la sivyo jagi la leo halifanani na la kesho.

Siku ya 9

Nimemwaga lita moja na nusu leo.

Jana jioni niliacha jagi la sampuli juu ya meza, nikalisahau mpaka asubuhi. Chupa moja ndogo nilikuwa nimeifunga kwa kifuniko. Nilipoifungua ilitoa mlio mkali na povu likapanda hadi shingoni. Ilikuwa imechacha. Hamira za asili hukaa kwenye maganda ya matunda, na nanasi lina nyingi. Zikikutana na sukari na joto huanza kazi, hutoa gesi, na gesi ndani ya chupa ya kioo iliyozibwa inaweza kuipasua. Nilikuwa nimeishika mkononi.

Taratibu nilizojiwekea baada ya tukio hili nimezibandika kwenye mlango wa friji ili watu wote wa nyumbani wazisome. Ganda la nanasi na la pasheni linaoshwa na kusuguliwa kabla kisu hakijaligusa, kwa sababu kisu hupeleka ndani kilichokuwa nje. Kinywaji hakikai nje ya friji zaidi ya saa 2, na siku zinazopita nyuzijoto 32 ni saa 1. Kilichobaki kwenye jagi lililokaa mezani hakirudishwi kwenye chupa ya akiba. Na juisi mbichi isiyochemshwa inanyweka ndani ya siku 2. Uchachu wa ndimu unapunguza kasi ya vijidudu, lakini usiutegemee uwe friji.

Pia nimeacha kuhifadhi mchanganyiko kwenye sufuria ya alumini. Asidi ya matunda huila alumini taratibu na juisi inashika ladha ya chuma. Kioo au chuma cha pua.

Siku ya 11

Mwanangu amelalamika kwamba kinywaji kinamwasha ulimi. Ana haki. Nanasi bichi lina bromelaini, kimeng'enya kinachokatakata protini, na ngozi laini ya ulimi nayo ina protini.

Bromelaini huharibiwa na joto. Nilipasha nusu ya juisi ya nanasi hadi nyuzijoto 80 kwa dakika chache, nikaipoza, nikamwonjesha. Muwasho umekwisha, lakini na nanasi limekwisha: imekuwa juisi ya jamu. Harufu zile za juu, nyepesi, ambazo ndizo zinazokufanya ujue hili ni nanasi, zimekwenda na mvuke. Nilijaribu kupasha robo tu na kuchanganya na robo tatu mbichi. Haikuwa mbaya, ila glasi ya mwisho ilikuwa nzito.

Uamuzi: nanasi linabaki bichi, ila linapunguzwa. Nilikuwa natumia mililita 600 kwa jagi, sasa 400. Pasheni inaziba pengo la ladha. Mwanangu hajalalamika tena.

Yeye ndiye aliyependekeza pia tujaribu na maziwa. Tulijaribu kwenye glasi moja. Kwanza maziwa yaligawanyika kwa uchachu, na tulipojaribu tena kwa nanasi tupu, lisilo na ndimu wala pasheni, baada ya robo saa yakawa machungu. Ni bromelaini ile ile, inakata protini za maziwa na vipande vyake vina uchungu. Anayetaka nanasi na maziwa alipike nanasi kwanza.

Siku ya 12

Chumvi. Nusu gramu kwa jagi zima, kiasi kisichoonjeka kama chumvi. Nilitengeneza glasi mbili, yenye chumvi na isiyo nayo, nikazionja nimefumba macho baada ya mama kuzibadilisha nafasi. Mara 5 kati ya 5 nilichagua yenye chumvi. Chumvi kidogo huzima uchungu, na uchungu ukizimwa utamu unajitokeza bila kuongeza sukari. Niliweza kupunguza shira kutoka mililita 90 hadi 60 na hakuna aliyeuliza sukari imekwenda wapi.

Jirani aliyekuja kuonja aliniuliza kama kinywaji hiki chenye chumvi na sukari kinaweza kumfaa mtoto anayeharisha. Nimeliandika hapa kwa uzito wake: hapana. Maji ya chumvi na sukari ya kuzuia upungufu wa maji yana kipimo chake, na yale yanayotengenezwa nyumbani pasipokuwa na pakiti za ORS ni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, kwa lita moja ya maji salama. Utumbo hufyonza sukari na chumvi pamoja, na maji yanafuata. Sukari ikizidi, kama ilivyo kwenye juisi, huvuta maji kuyaingiza ndani ya utumbo na kuhara kunaweza kuongezeka. Kinywaji changu ni cha mtu mwenye afya aliye na kiu ya joto. Mgonjwa apewe ORS.

Siku ya 14

Nilikuwa na imani kubwa na wazo hili: tengeneza vipande vya barafu kutokana na kinywaji chenyewe, ili vikiyeyuka viongeze kinywaji badala ya maji. Nilijaza trei mbili, nikazigandisha usiku kucha.

Havikufanya nilivyotaka. Juisi yenye sukari ikiganda, maji hutangulia kuganda na sukari hukimbilia mabaki ambayo hayajaganda. Kipande kinatoka laini, chenye mishipa ya shira ndani yake. Kikiwekwa kwenye jagi, ile shira inatoka kwanza na kuacha barafu nyeupe isiyo na ladha. Nilichukua kipande kimoja nikakinyonya: dakika ya kwanza utamu mtupu, baadaye maji tu. Kwa hiyo kwenye jagi utamu unapanda mapema, kisha barafu inayobaki inazimua kama barafu nyingine yoyote. Mwishoni jumla inasawazika, kweli, ila katikati ya safari glasi hazilingani. Na vilipoza kidogo kuliko barafu ya maji.

Mchana nilipokuwa nikisafisha trei, niliona vipande vya nanasi nilivyovigandisha siku ya 8, vile vya tunda bovu. Nikatupa vichache kwenye glasi bila kutarajia kitu. Vilipoza vizuri. Nyama ya tunda inashika maji yake hata yakiyeyuka, haiyaachi yote kwenye kinywaji, na kile kidogo kinachovuja ni juisi. Dakika ya 40 kinywaji kilikuwa karibu vile vile, na vipande vilikuwa vimelegea, vyenye ubaridi wa meno, vya kula kwa kijiko.

Nimerudia jioni kwa nanasi zuri. Vipande vya ukubwa wa kete ya ludo mara mbili, vimetandazwa mbali mbali kwenye sinia ndani ya friza ili visigandane. Nafasi kubwa ya barafu imechukuliwa na tunda. Siku 13 nilikuwa nikipigana na maji ya barafu, na sehemu kubwa ya jibu ilikuwa ndani ya nanasi.

Siku ya 17

Vipimo vya jagi, baada ya marudio manne:

Juisi ya nanasi bichi iliyochujwa, mililita 400. Pasheni iliyosuguliwa bila blenda, mililita 180. Maji ya ndimu, mililita 50. Shira yenye tangawizi na ganda la ndimu, mililita 60. Maji ya friji, mililita 350. Chumvi, nusu gramu. Mchanganyiko huu unalala kwenye friji saa 4 au zaidi. Mezani vinaongezwa gramu 250 za vipande vya nanasi vilivyoganda na gramu 120 za barafu ya kawaida, basi.

Ukiuonja kabla ya kuongeza barafu unauona mkali kupita kiasi. Ndivyo inavyotakiwa. Mama alipoonja kwenye hatua hiyo alikunja uso, nikamwomba asubiri barafu.

Nimehesabu pia sukari, kwa sababu nyumbani tuna watu wanaotakiwa kuiangalia. Nanasi linaleta kama gramu 48, pasheni 22, shira 37. Ukigawa kwa glasi 5 unapata takriban gramu 21 kila moja, bila kuhesabu vipande. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari huru isifike asilimia 10 ya nishati ya siku, na chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 hizo ni gramu 50 na gramu 25. Sukari iliyo ndani ya juisi ya matunda inahesabiwa humo, hata kama hukuongeza kijiko. Kwa hiyo kwetu ni glasi moja kwa mtu, na kiu iliyobaki inakatwa na maji.

Mashapo yanatuama chini ya jagi baada ya nusu saa. Nimeshindwa kuyaondoa bila kuondoa ladha, na sidhani kama yanadhuru kitu. Mwiko mrefu unakaa ndani ya jagi, anayemimina anakoroga kwanza.

Siku ya 18

Jaribio la mezani. Nyuzijoto 33 kivulini, jagi limevikwa taulo, watu watano. Niliwaomba wanywe polepole na nikaacha glasi moja bila kuimimina, ikisubiri ndani ya jagi.

Dakika ya 0, nyuzijoto 4: kali, ndimu iko mbele. Mwanangu alitaka sukari zaidi. Dakika ya 15, nyuzijoto 5: tangawizi imejitokeza, na hakuna aliyetaka kuongezewa kitu. Dakika ya 25: hakuna tofauti niliyoweza kuisikia. Dakika ya 40, nyuzijoto 7: barafu ya maji imekwisha, vipande vya nanasi bado vina kiini kigumu. Nilimimina ile glasi ya mwisho na kuigawa kwenye vikombe vidogo vitano.

Mama alikunywa cha kwake chote, akaweka kikombe chini, akachungulia ndani ya jagi.

"Mwanangu, hivyo vipande umemwekea nani?"

Nikampa kijiko.